Dadu Haitegui Mtego

Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa mambo mawili: mtego hutegwa na kuteguliwa, na kitendawili vivyo hivyo. Sijapata kumwona mtu akitegua kitendawili kwa kurusha shilingi. Lakini ndivyo wafanyavyo wengi wachezao Dungeons & Dragons, mchezo waliouanzisha Gary Gygax na Dave Arneson huko Marekani mwaka 1974, nao wanaona sawa tu.

Kwa asiyeujua: msimamizi hueleza mahali palivyo, wachezaji husema wahusika wao wanafanya nini, na dadu huamua lenye mashaka. Mahandakini mna hazina, na penye hazina pana mitego. Mwanzoni aliyeitilia shaka sakafu aliigonga kwa ufito wa futi 10, ulioorodheshwa kitabuni pamoja na kamba na mienge. Mwaka 1975 nyongeza iitwayo Greyhawk ikamleta Mwizi na asilimia zake, na tangu hapo wengine wakakunja mikono. Mwizi husema, "Natafuta mitego." Dadu huanguka. "Huoni kitu." Basi! Na katika kanuni za 1981 Mwizi wa ngazi ya kwanza alipewa asilimia 10 tu ya kuuona mtego au kuutegua.

Mjukuu wangu alisema atamwaga maji sakafuni aone yanazama wapi. Msimamizi, kijana msomi, akamwamuru arushe dadu. Ikaanguka 3. Akaambiwa haoni kitu. "Na maji yamekwenda wapi?" Hakujibiwa. Mtoto amefikiri vizuri kuliko wakubwa waliokaa pale (mimi nikiwamo), akapewa sifuri na kipande cha plastiki!

Watanijibu kwamba mchezaji si fundi wa makufuli, mhusika wake ndiye fundi. Mbona hatumdai mchezaji anyanyue upanga? Hoja hiyo naikubali nusu. Dadu na iupime mkono unaotetemeka mbele ya sindano yenye sumu. Isipime jicho wala akili. Maji yakizama kwenye ufa, shimo limekwisha onekana. Hapana cha kurusha.

Wasimamizi nao wana kosa lao, nalo ni mtego usio na dalili yoyote. Chuoni niliwakemea walimu wanafunzi waliotunga mtihani wa somo wasilolifundisha. Huyu ni ndugu yao. Akibanwa, humsingizia Gygax na Tomb of Horrors yake, iliyochezwa mashindanoni mwaka 1975 na kuchapishwa 1978, yenye uso wa kijani ukutani ambao kila kiingiacho kinywani mwake hutoweka. Hasemi kwamba sakafuni, kabla ya kuufikia uso ule, mna fumbo lililoandikwa likionya juu ya rangi ya kijani. Na ufito ukiingizwa mle kinywani hurudi mfupi. Aliyejitosa kichwa kichwa alikuwa hakusoma.