Enyi Wazazi wa Nchi ya Dhahabu, Mchoraji Si Mvivu

Ndugu zangu wa Shinyanga, Kahama na Geita, watu wakarimu na wachapa kazi msio na mfano, leo nitawasema. Mtoto akishika penseli akachora ng'ombe, mzazi anamkaripia: "Picha zitakulisha?" Daftari linachanwa. Kesho rashi, yaani mbio za dhahabu mpya, ikivuma, mtoto huyohuyo anaachwa aende mwaloni kuosha dhahabu na kushika zebaki kwa mikono mitupu, na hakuna anayeuliza kitu.

Tumwogope Mungu. Hema la Musa lilipojengwa, Mungu alimwita Bezaleli kwa jina, akampa ustadi wa kufanya kazi ya dhahabu, fedha na mbao, tena akamtia moyoni kuwafundisha wengine. Mwalimu wa sanaa huyo, na dhahabu mkononi! Sisi ni nani hata tumcheke mwenzake?

Mtazameni mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, akitaka kuwaonyesha vijana mwamba umelalia wapi. Huchuchumaa, akaokota kijiti, akachora vumbini: shimo hili hapa, matimba ya kulizuia lisibomoke haya, mwamba unapinda kushoto, kateni huku. Akikosea mchoro, wanatoboa jiwe tupu, au wanatokea kwenye duara la jirani na ugomvi ukazuka. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Halafu jioni mtu huyohuyo anamwambia mwanawe kuchora ni kupoteza muda!

Wala msiseme haya ni mambo ya Wazungu. Bayeye, wacheza nyoka wa Usukumani, walipaka kuta za nyumba zao picha za nyoka na watu tangu zama za babu zetu. Aliyekuja kuzichunguza na kuandika habari zake alikuwa mgeni, Hans Cory, na sisi wenyewe tukazisahau. Mdharau chake ni mtumwa.

Mnataka mfano wa mchoraji aliyefika? Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, alisomea uchoraji Makerere, akaendelea chuo cha Slade, London, kisha akarudi Makerere kufundisha. Mwaka 1960 jumba la sanaa ya kisasa la New York lilinunua picha yake. Nchi ilipojitawala, mwalimu huyo wa kuchora ndiye aliyetumwa London kutuwakilisha. Naye Profesa Elias Jengo amewafundisha wengi sanaa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Penseli haikuwanyima heshima hao.

Na kwa kuwa tunasema heshima ya mchoraji, siwezi kulipita la harusi. Kadi ya mchango ikija, mtu anauza hata mbuzi asionekane mnyonge mbele ya kamati. Ukumbi unapambwa usiku mmoja, asubuhi mapambo yanafagiliwa. Lakini kijana aliyechora ukuta wa duka lako unamwambia, "Sisi ndugu, nitakukumbuka." Mkono mtupu haulambwi, mheshimiwa! Mlipe.

Najua nyinyi si watu wabaya. Mmejenga madarasa kwa nguvu zenu wenyewe. Basi kikao kijacho cha wazazi, kabla hamjauliza matokeo ya mtihani, ulizeni kipindi cha sanaa kinafundishwa au kimegeuzwa cha kufyeka nyasi. Akiwapo mwalimu anayejua kuchora, mnunulieni karatasi na rangi, na watoto wenu muwakabidhi kwake. Dhahabu ya Geita itakwisha siku moja, lakini ustadi ulio mkononi mwa mtoto hauna wa kuuchimba akauhamisha.