Mbinu mpya za kutafuta machapisho ya kitaaluma: Nyasa inatafutwa kwa jina lipi?

Na Mwandishi Wetu, Nyasa

Kanzidata za machapisho ya kitaaluma zilizopo mtandaoni zimebadilika sana katika miaka ya karibuni. Zamani mtumiaji aliandika neno, nayo kanzidata ikamrudishia kila chapisho lenye neno hilo. Leo baadhi ya kanzidata hupima maana ya swali, hufuatilia nani amemnukuu nani, hutoa muhtasari kwa msaada wa Akili Unde na hutuma arifa pindi utafiti mpya unapochapishwa. Mabadiliko haya yana umuhimu wa pekee kwa maeneo yaliyo mbali na vyuo vikuu, ikiwemo Liuli, kata ya ufukweni mwa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, ambako tabibu, afisa uvuvi au mwalimu hana maktaba kubwa jirani lakini anaweza kuwa na simu yenye intaneti.

Hata hivyo, mashine bora ya kutafuta haitamsaidia mtu ambaye maarifa anayoyahitaji yamehifadhiwa kwa jina asilolitumia. Kwa wakazi wa mwambao wa Nyasa, hilo ni jambo la kila siku.

Ziwa moja, majina matatu

Tanzania huliita Ziwa Nyasa, Malawi huliita Ziwa Malawi, na Msumbiji huliita Lago Niassa. Sehemu kubwa ya machapisho ya kimataifa kuhusu samaki, maji na magonjwa ya ziwa hili hutumia jina "Lake Malawi". Mtumishi anayeandika "Lake Nyasa" peke yake katika mfumo unaotafuta neno kwa neno atapata sehemu ndogo tu ya yale yaliyoandikwa. Kutumia jina la jirani wakati wa kutafuta hakugusi suala la mpaka. Ni njia ya kuyafikia maarifa yanayohusu maji yale yale.

Liuli yenyewe ina historia ya namna hiyo. Wakati wa utawala wa Wajerumani bandari yake iliitwa Sphinxhafen, kutokana na mwamba wake unaofanana na sanamu ya Sphinx ya Misri. Ni katika bandari hiyo, mwezi Agosti 1914, ambapo meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Mwanafunzi wa historia anayetafuta kwa neno "Liuli" pekee anaweza kuzikosa nyaraka nyingi za tukio hilo.

Mipaka ya kiutawala nayo imebadilika. Kabla ya kuundwa kwa Wilaya ya Nyasa, Liuli ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga, na wakati wa ukoloni eneo lote hilo lilihesabiwa chini ya Songea. Kwa hiyo utafiti wa zamani kuhusu mwambao huu utaonekana chini ya "Mbinga" au "Songea". Vivyo hivyo kwa kilimo cha ngoro cha Wamatengo, kinachosifika kwa kuhifadhi udongo kwenye miteremko: machapisho mengine huandika "ngolo", na mengine huandika "Matengo pits".

Vipengele vipya vinavyofanya kazi

Kipengele cha kwanza ni ufuatiliaji wa nukuu. Wazo lake si geni, kwani faharasa ya nukuu za sayansi iliyoasisiwa na Mmarekani Eugene Garfield ilianza kutolewa mwaka 1964. Jipya ni kwamba huduma za bure, kama Google Scholar iliyoanza mwaka 2004, zimeuweka mnyororo huo mikononi mwa kila mtu. Ukipata chapisho moja zuri, unaweza kuona yote yaliyolinukuu baadaye.

Faida yake inaonekana katika mfano wa kichocho. Tangu miaka ya 1990, watafiti waliofanya kazi upande wa Malawi wamechapisha tafiti zinazohusisha kupungua kwa samaki wanaokula konokono na kuongezeka kwa maambukizi ya kichocho kando ya ziwa, kwa kuwa konokono ndio wanaobeba vimelea vya ugonjwa huo. Afisa uvuvi hawezi kutarajia kukuta hoja ya uvuvi ndani ya makala ya afya, wala tabibu hatarajii kukuta hoja ya afya ndani ya makala ya samaki. Mnyororo wa nukuu huwakutanisha. Kwa kata ambayo watoto wake huoga ziwani na wazazi wao huishi kwa nyavu, uhusiano huo unafaa kujulikana na idara zote mbili za halmashauri.

Kipengele cha pili ni kamusi ya istilahi inayofanya kazi nyuma ya pazia. PubMed, kanzidata ya bure ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, hulinganisha neno la mtumiaji na orodha ya istilahi rasmi za tiba. Anayeandika "bilharzia" hupelekewa pia machapisho yanayotumia neno "schistosomiasis". Mfumo huo pia unaweza kupanga matokeo kwa kuangalia yanayoendana zaidi na swali, badala ya kutanguliza tu yaliyo mapya.

Kipengele cha tatu ni utafutaji wa maana. Mfumo hugeuza sentensi kuwa mfululizo wa namba, kisha huangalia ni machapisho gani yana namba zilizo karibu, hata kama maneno yake ni tofauti. Semantic Scholar, iliyoanza mwaka 2015, ni miongoni mwa huduma zilizoeneza mbinu za Akili Unde katika kazi hii, na tangu mwaka 2020 imekuwa ikitoa muhtasari wa sentensi moja kwa machapisho mengi.

Tahadhari inahitajika hapa. Muhtasari unaweza kuwa umetokana na ikisiri tu, bila kugusa udhaifu wa utafiti ulioelezwa ndani. Aidha, programu za mazungumzo za Akili Unde zimeonekana kutunga rejea zisizokuwepo. Kanuni salama ni moja: rejea ambayo hukuifungua na kuisoma usiitumie katika taarifa ya kazi, sembuse katika matibabu ya mgonjwa.

Kiswahili kiko wapi?

Mfumo unaofahamu kwamba bilharzia na schistosomiasis ni kitu kimoja hauna neno "kichocho" katika kamusi yake. Mzungumzaji wa Kiswahili hulazimika kutafsiri swali lake kwanza. Mahali ambapo hatua imepigwa ni kilimo na uvuvi: AGROVOC, orodha ya istilahi inayosimamiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), ina zaidi ya dhana 40,000 na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zake. Hilo linaonyesha kuwa kazi hiyo inawezekana, ikiwa wataalamu wa lugha na wa fani watakaa pamoja.

Kwa sasa, jina la kisayansi ni daraja zuri. Usipa, dagaa anayelisha familia nyingi za mwambao, hutambulika popote duniani kwa jina Engraulicypris sardella. Mtafutaji anayeliandika jina hilo atakutana na tafiti za nchi zote tatu bila kujali ziwa limeitwaje.

Milango iliyo wazi

Kuona kichwa cha habari cha utafiti si sawa na kuusoma, kwani machapisho mengi hulipiwa. Mpango wa Research4Life, ulioanza mwaka 2002 kwa sehemu yake ya afya iitwayo Hinari chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), huzipatia taasisi za nchi zenye kipato cha chini machapisho bure au kwa gharama ndogo. Sehemu ya kilimo, AGORA, ilifuata mwaka 2003. Usajili hufanywa na taasisi, si na mtu binafsi. Hospitali, vyuo, vituo vya utafiti na ofisi za serikali zinaweza kuomba. Kwa upande wa majarida ya Afrika, yakiwemo ya Tanzania, huduma ya African Journals Online imekuwepo tangu mwaka 1998 na sehemu kubwa ya makala zake husomwa bure.

Kwa hiyo hatua ya kwanza kwa taasisi yoyote ya mwambao ni kuulizia kama imesajiliwa, na kama imesajiliwa, ni nani anayetunza nywila na kama watumishi wanaifahamu.

Wajibu mwingine uko kwa watafiti. Anayefanya utafiti Nyasa aandike katika maneno muhimu majina yote ya ziwa, jina la kata, wilaya ya sasa na ya zamani, jina la kienyeji la samaki au zao pamoja na la kisayansi. Aongeze pia ikisiri ya Kiswahili. Ni kazi ya saa chache, lakini ndiyo inayoamua kama mfumo utalipata chapisho hilo miaka 20 ijayo.

Wananchi wa Liuli wamejibu madodoso, wameonyesha nyavu zao na wametoa sampuli za damu na mkojo kwa ajili ya sayansi. Wanastahili kuyapata majibu yake kwa jina wanalolitumia wenyewe.