Bei Yako Ni Ushuhuda Wako



Neno la leo: Mithali 20:14. Fungua Biblia yako usome kabla hujaendelea. Sulemani anatuonyesha mnunuzi anayeikashifu bidhaa mbele ya mwenyewe, kisha akienda zake anajisifu jinsi alivyoipata rahisi. Utadhani mfalme huyo amesoma jumbe zenu za WhatsApp!

Dada mmoja wa hapa kwetu Kabiro, anayeuza mitumba ya watoto, amepata doli 14 za Barbie ndani ya robota. Anataka kuziuza mtandaoni kwa watu wanaokusanya doli za zamani, maana karo ya muhula inamngoja. Mteja mmoja amemwambia, "Hizo ni takataka, nitakupa 1,000 zote." Jirani naye akaona mgongoni pameandikwa 1966, akamshauri, "Sema ni za 1966, wazungu watalipa maelfu." Ameniruhusu niwaandikie ninyi nyote jibu nililompa, bila kumtaja jina.

Kwanza, mpendwa, doli si sanamu ya kuabudiwa. Ni bidhaa, kama sufuria au viatu. Usione haya kuiuza.

Pili, ile 1966. Mwaka ule ni wa umbo la mwili wa doli kusajiliwa, si mwaka wa kutengenezwa. Kampuni ya Mattel iliendelea kutumia umbo hilo kwa miongo kadhaa, kwa hiyo hata doli ya miaka ya 1990 inaweza kuwa na 1966 mgongoni. Tazama pia nchi iliyoandikwa. Barbie wa kwanza kabisa, wa 1959, walitengenezwa Japani. Ukisoma Indonesia, hiyo si ya 1966, hata mteja aamini namna gani.

Najua mtaniambia, "Pasta, biashara ni biashara. Mnunuzi ana pesa, na karo haingoji." Nasikia, na najua njaa ya mtaa huu. Lakini Mithali 11:1 haikuandikwa kwa ajili ya matajiri peke yao. Mizani ya uongo ni chukizo kwa Bwana hata kama anayeishika ni mama aliye na shida. Siku hizi mizani yetu ni picha na maelezo tunayoweka mtandaoni. Ukificha mguu uliovunjika kwa kupiga picha upande mmoja, umeweka kidole chako kwenye mizani.

Anania na Safira, katika Matendo 5, hawakuhukumiwa kwa sababu ya bei ya shamba. Walihukumiwa kwa kuidanganya bei hiyo. Basi usiniletee fungu la kumi la uongo. Madhabahu haioshi pesa.

Lakini sikilizeni upande wa pili, maana huu wahubiri wengi tunauruka. Kukubali bei ya kutupa kwa sababu ya woga si unyenyekevu. Yule mwanamke wa Mithali 31, mstari wa 18, anajua kwamba biashara yake ina faida. Anajua! Hangoji mteja amwambie. Wengi wenu mnasema "nipe chochote tu" kwa sababu mmezoea kudharauliwa, si kwa sababu bidhaa ni mbaya. Yesu mwenyewe alisema katika Luka 10:7 kwamba mtenda kazi anastahili ujira wake. Kuchambua, kuosha, kuchana nywele za doli, kupiga picha, bando, nauli ya kwenda posta, yote hayo ni kazi. Yahesabu.

Basi utajuaje bei ya haki? Usiangalie bei ambayo wengine wanaomba, maana kuomba ni bure. Angalia bei ambayo watu wamelipa. Kwenye eBay unaweza kuchagua uonyeshwe vitu vilivyokwisha kuuzwa. Tafuta doli kama yako, yenye hali kama yako. Iliyo ndani ya boksi lake, haijachezewa, na iliyokatwa nywele na mtoto haziwezi kuwa na bei moja. Na usidanganywe na neno "ya mkusanyo" kwenye boksi. Nyingi za miaka ya 1990 zilitengenezwa kwa wingi, watu wakaziweka kabatini wakingoja utajiri, na leo haziuzwi ghali.

Ukishajua, tenga zile chache nzuri uuze moja moja kwa subira. Zilizobaki uza kwa pamoja kwa bei nafuu. Andika kila kasoro. Wakusanyaji wanajuana na wanaambiana, na muuzaji mkweli hurudiwa. Usitoe mzigo kwa sababu umeonyeshwa ujumbe wa M-Pesa. Piga *334# uone salio lako kwanza. Ukweli wako usikufanye mjinga.

Kuna mwenye kuniuliza, "Nikisema kweli nikapata kidogo, je?" Inawezekana utapata kidogo. Sitakudanganya kwamba kila mkweli anauza ghali. Lakini kidogo hicho utakilalia usingizi, na kesho hutaogopa simu ikilia. Karo iliyobaki tuiongee kama kanisa. Ndiyo maana Mungu alitupa ndugu, ili mtu asilazimike kuuza dhamiri yake pamoja na bidhaa.

Lidia wa Matendo 16 alikuwa muuzaji wa vitambaa vya zambarau, bidhaa ya bei ya juu, na Bwana akaufungua moyo wake. Hakuambiwa aache biashara.

Tuombe: Baba, bariki kazi ya mikono yetu. Utupe ulimi wa kweli na ujasiri wa kutaja bei ya haki, tusimwibie mteja wala tusijidharau. Kwa jina la Yesu.

Kama unauza chochote mtandaoni, andika AMINA, kisha urudi kwenye tangazo lako ulisome tena. Ubarikiwe.