Aliyekosa na Asamehewe, Lakini kwa Masharti

Je, mwanariadha aliyenaswa akitumia dawa za kusisimua misuli astahili kurejea mashindanoni? Swali hili lawahusu hata walimu na wanafunzi wa Mboghoni, kule Taveta, kwani mwanariadha huanza kulelewa shuleni.

Natutazame Wakenya wawili. Jemima Sumgong, bingwa wa marathoni ya Olimpiki ya 2016, alifungiwa miaka 4 mwaka 2017. Ilipobainika kwamba hati za matibabu alizojitetea nazo zilikuwa bandia, adhabu ilifikishwa miaka 8. Njia ya mwongo ni fupi. Naye Ruth Chepngetich, aliyeweka rekodi ya dunia ya saa 2:09:56 mjini Chicago mwaka 2024, alifungiwa miaka 3 mwaka 2025. Alipunguziwa mwaka 1 kwa kukiri na kukubali adhabu mapema.

Tofauti hiyo ni ya haki. Adhabu yenye kikomo yakubali kwamba binadamu huweza kujirekebisha, lakini asiyekiri kosa hajaomba msamaha.

Hata hivyo, tusimsahau aliyedhulumiwa. Buzunesh Deba wa Ethiopia alimaliza wa pili Boston mwaka 2014. Alitambuliwa kuwa mshindi zaidi ya miaka 2 baadaye, Rita Jeptoo alipopokonywa taji kwa kosa hilihili. Shangwe za siku ile zilikwisha kumpita.

Kwa hiyo, aliyetumikia adhabu na arejee, mradi amekiri, amerudisha zawadi aliyoipata kwa hila, na amemtaja aliyempa dawa. Pasipo masharti hayo, tutakuwa tukiwafunza watoto wetu kwamba udanganyifu ni mapumziko ya miaka michache tu.