Boti Kongwe Isipimwe kwa Uzito wa Chuma

Watu wengi hudhani ya kwamba moto wa baharini ni mwepesi kuzimika, kwani maji si yapo tele chini ya chombo? Walakini mabaharia wajua kuwa moto hautishi mahali popote kama utishavyo melini: mtu hana pa kukimbilia, na motokaa ya zimamoto haina njia ya kufika. Ndipo bandari kubwa zikajiundia boti za zimamoto, vyombo ambavyo tangi lao ni bahari yenyewe. Ajabu ni kwamba boti hizi huonekana mzigo pale zinapofanya kazi yake vyema. Miaka ikipita pasi na moto mkubwa, karani wa hesabu huuliza zina faida gani, na haichukui muda zikapelekwa mnadani. Kwa maoni yangu hesabu hiyo ni mbovu, na ushahidi wangu nautoa katika bandari ya New York, huko Marekani.

Mji huo ulianza mwaka 1866 kwa kukodi tagi. Mwaka 1875 ukaunda boti yake wenyewe, William F. Havemeyer. Baadaye zikafuata nyingine, na mwaka 1931 ikaingia kazini John J. Harvey, iliyoendeshwa kwa mashine za petroli wakati zilizoitangulia zilikuwa za mvuke. Jina hilo ni la mshika usukani wa boti ya zimamoto aliyekufa kazini mwaka 1930, meli ya Kijerumani iitwayo Muenchen iliporipuka gatini. Chombo chenyewe kina urefu wa futi 130, na pampu zake ziliweza kutupa galoni 18,000 za maji kwa dakika moja, yaani kiasi cha lita 68,000. Aliyewahi kuteka maji kisimani kwa ndoo na aipige hesabu hiyo mwenyewe.

Lakini maji mengi peke yake si ujuzi. Tarehe 9 Februari 1942 iliwaka meli kubwa ya Kifaransa, Normandie, ambayo Wamarekani walikuwa wameichukua na wakiigeuza iwe ya kubebea askari. Cheche za fundi wa kukata chuma ziliyarukia maboya ya kujiokolea yaliyorundikwa humo. Boti za zimamoto zikaimwagia maji saa baada ya saa. Moto ukazimika, lakini maji yakajaa katika sitaha za juu, meli ikaanza kulala ubavu. Mhandisi aliyeichora meli hiyo, Vladimir Yourkevitch, alifika gatini akashauri valvu za chini zifunguliwe ili iketi chini wima. Hakusikilizwa. Usiku ule ule Normandie ikapinduka. Mtu aijuaye meli kuliko wote amesimama pale, naye aambiwa hahitajiwi!

Mwaka uliofuata, 1943, mambo yalikwenda vingine. Meli El Estero, iliyosheheni mabomu na baruti, ilishika moto upande wa New Jersey. Harvey na mwenzake Fire Fighter walikwenda ubavuni mwa kifo kile, wakaimwagia maji huku tagi zikiivuta mbali na gati, mpaka ikazamishwa. Lau ingeripuka palepale, kungalibaki nini?

Basi chombo kilichofanya hayo kilistaafishwa katika miaka ya 1990. Gati za mbao zilikuwa zimepungua na shehena nyingi za makontena zilikwisha hamia New Jersey. Mwaka 1999 Harvey ikauzwa mnadani kwa dola 28,010; wakainunua watu wachache wenye mapenzi ya vyombo, wala si mfanyabiashara wa chuma chakavu. Walionekana wachezaji tu.

Tarehe 11 Septemba 2001, yale maghorofa mawili marefu yalipoporomoka, mabomba ya maji yaliyo chini ya mitaa yalivunjika. Wazimamoto wana mipira mikononi na maji hawana, ilhali mto uko karibu nao. Harvey ilikuwa imekwisha toka kwenda kuwavusha watu waliokwama ukingoni. Ikaitwa kwa redio iwashushe abiria wake, irudi kuvuta maji. Pamoja na Fire Fighter na John D. McKean iliyatoa maji mtoni kwa muda wa saa 80 hivi. Matundu yaliyovujisha maji yalizibwa kwa vipande vya mbao na chupa tupu za soda. Na mmoja wa walioiendesha alikuwa Bob Lenney, mzee aliyestaafu zimamoto baada ya kuishika boti hiyo hiyo kwa miaka mingi.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Wako watakaosema kuwa boti mpya ni bora, nami sibishi: Three Forty Three, iliyoanza kazi mwaka 2010 na kupewa jina kwa idadi ya wazimamoto 343 waliokufa siku ile, hutupa galoni 50,000 kwa dakika. Lakini boti mpya haiji na mzee wake. Sisi wa pwani twayajua hayo tangu mtepe ulipotoweka katika bahari yetu. Haukupotea mtepe tu, walipotea na mafundi waliojua kuushona.

Kwa hivyo bandari yoyote inayotaka kuuza chombo, Kilindini ikiwamo, na iuze ikiwa haina budi, kwani chuma cha maji chumvi ni gharama. Lakini kabla dalali hajagonga nyundo, waitwe serahangi na fundi wa mashine waliostaafu, waketi na vijana chini kule penye mashine, waonyeshe kila valvu kwa mkono. Na waulizwe hata yale yasiyoandikwa katika kitabu cha kiwanda: pampu ipi hutaka kubembelezwa asubuhi, na usukani huvuta upande gani maji yakijaa.