Fedha za muziki zaingia katika silaha za akili mnemba

WAPENZI wa muziki wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala walifunguliwa rasmi mlango wa Spotify mwaka 2021, pale kampuni hiyo yenye asili ya Sweden ilipotangaza kuingia katika masoko mapya zaidi ya 80. Mwezi Novemba mwaka huo huo, mwanzilishi wake, Daniel Ek, aliweka euro milioni 100 katika kampuni changa ya Ujerumani isiyo na uhusiano wowote na muziki.

Kampuni hiyo ni Helsing, yenye makao makuu mjini Munich. Waanzilishi wake ni watatu: Torsten Reil, aliyetajirika kwa michezo ya kompyuta, Gundbert Scherf, aliyewahi kufanya kazi katika Wizara ya Ulinzi ya Ujerumani, na Niklas Köhler, mtaalamu wa akili mnemba. Walianza na programu ya kuchambua taarifa za kamera na rada, ili kamanda autambue uwanja wa vita mapema kuliko adui yake.

Haikuchukua muda kabla ya kuanza kuunda silaha zenyewe. Ndege yake ndogo isiyo na rubani, HX-2, ina uzito wa kilo 12 na hubeba mlipuko hadi umbali wa kilomita 100. Hata adui akivuruga mawasiliano, programu iliyomo ndani yake huendelea kuitambua shabaha na kuifuata. Mapema mwaka 2025 Helsing ilitangaza kwamba itaunda ndege 6,000 za aina hiyo kwa ajili ya Ukraine. Kampuni inasisitiza kwamba uamuzi wa kushambulia hubaki mikononi mwa binadamu.

Juni 2025, Prima Materia, ambayo ni kampuni ya uwekezaji ya Ek, iliongoza wawekezaji wengine kuipatia Helsing euro milioni 600 zaidi. Thamani ya kampuni hiyo ya miaka minne ilikadiriwa kufikia euro bilioni 12. Ek ndiye mwenyekiti wa bodi yake.

Ikumbukwe kwamba fedha hizo hazikutoka katika akaunti za Spotify, na Spotify yenyewe imekuwa ikieleza kuwa hizo ni kampuni mbili tofauti. Kisheria, maelezo hayo ni sahihi. Lakini utajiri wa Ek umetokana kwa kiasi kikubwa na Spotify, na hapo ndipo ugomvi na wanamuziki ulipozuka. Katika mwaka 2025 bendi za Deerhoof na King Gizzard & the Lizard Wizard ziliondoa kazi zao, na mwezi Septemba Massive Attack ya Uingereza nayo ikaomba nyimbo zake ziondolewe. Helsing ilijibu kuwa teknolojia yake haitumiki katika vita vyovyote isipokuwa vya Ukraine.

Kwa bendi iliyokwisha kujenga jina kwa miaka thelathini, kuondoka ni uamuzi unaowezekana. Kwa kijana wa bongo fleva anayehesabu wasikilizaji wake mmoja mmoja, huo si uamuzi mwepesi, na wala hakuna aliyemuuliza.

Kinachowavuta wawekezaji si siri. Kabla ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 2022, mifuko mingi ya Ulaya ilikuwa ikiweka silaha katika kapu moja na tumbaku. Vita viligeuza hesabu hiyo. Juni 2025, mjini The Hague, wanachama wa NATO walikubaliana kufikisha matumizi ya ulinzi na usalama asilimia 5 ya pato la taifa ifikapo mwaka 2035. Mwezi huo huo, Anduril ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2017, ilikusanya dola bilioni 2.5 na kupewa thamani ya dola bilioni 30.5.

Hisa za Palantir, kampuni ya Marekani inayochambua taarifa kwa ajili ya majeshi na vyombo vya usalama, zilianza kuuzwa sokoni Septemba 2020 kwa dola 10. Mwishoni mwa mwaka 2025 hisa moja ilikuwa imepita dola 150. Kwa kuwa kampuni hiyo iliingizwa katika kundi la S&P 500 mwaka 2024, mamilioni ya watu waliojiwekea akiba ya uzeeni katika mifuko inayofuata kundi hilo ni wamiliki wake, wajue wasijue.

Wapo waliojitoa. Oktoba 2024, Storebrand ya Norway iliuza hisa zake za Palantir, zenye thamani ya takriban dola milioni 24, kwa hofu kwamba kazi za kampuni hiyo kwa Israel zingeweza kuihusisha na ukiukwaji wa sheria za kimataifa. Hadi mwisho wa mwaka uliofuata, bei ya hisa hizo ilikuwa imepanda zaidi ya mara tatu. Soko halikumsubiri aliyesikiliza dhamiri yake.

Hata hivyo, faida ya Palantir isichukuliwe kuwa ndiyo kawaida. Bei ya hisa zake huonekana sokoni kila siku. Thamani ya Helsing au Anduril hupangwa na wawekezaji wachache ndani ya chumba kimoja. Mteja mkuu ni serikali, na serikali hubadilika baada ya uchaguzi. Na silaha inayosifiwa leo inaweza kupitwa katika miezi michache, kwani katika vita vya Ukraine kila mbinu mpya huzaa mbinu ya kuizuia.

Sheria ndiyo iliyobaki nyuma zaidi. Mazungumzo ya Geneva kuhusu silaha zinazojiamulia, yaliyoanza mwaka 2014, yalipita muongo mzima bila kuzaa mkataba. Desemba 2024, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu silaha hizo kwa kura 166 dhidi ya tatu, za Urusi, Belarus na Korea Kaskazini. Azimio la aina hiyo haliifungi serikali yoyote, seuze mwekezaji binafsi.

Afrika haiwezi kuliona suala hili kuwa la Wazungu peke yao. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya mwaka 2021 iliitaja Kargu-2, ndege ndogo iliyoundwa na kampuni ya STM ya Uturuki, miongoni mwa silaha zilizotumika nchini Libya mwaka 2020 dhidi ya wapiganaji wa Jenerali Khalifa Haftar waliokuwa wakirudi nyuma. Wataalamu hao walieleza kuwa silaha hizo zilipangwa kushambulia bila kuhitaji mawasiliano kati ya mwendeshaji na silaha yenyewe.