Shamba Lililopelekwa Rihabu

Compensation. Relocation. Consultation. Participation. Adjudication. Rehabilitation. Yasome tena kwa sauti. Yote yanaishia kwa herufi tano zilezile, na ukiyasikia kwenye baraza pale Waa, ujue kuna shamba la mtu linazungumziwa.

Sina ugomvi na urefu wa neno. "Wasiotushirikisha" ni refu kuliko "participation" kwa herufi nne. Lakini lipasue: ndani mna wao, mna sisi, mna kitu walichokataa kutufanyia. Pasua "participation" uone kama utamkuta mtu humo. "Relocation" nayo ni vivyo hivyo: hujui nani kamhamisha nani, kampeleka wapi, kwa shilingi ngapi. Ndiyo, najua na sisi tunalo "uhamisho", na ofisi zetu zinaweza kukuficha ndani ya Kiswahili pia. Ila bibi wa Waa hasemi uhamisho. Atasema "walituhamisha", na hapohapo utamuuliza: kina nani?

Huku Kwale si mchezo wa maneno. Watu wa Maumba na Nguluku walihamishwa kupisha mgodi wa titani. Uchimbaji ukakoma Desemba 2024, na sasa neno linalotembea ni "rehabilitation". Kijana wa Ukunda akilisikia anajua moja tu: rihabu, wanakopelekwa mateja kuacha unga. Kwa hiyo shamba limeingia rihabu! Tucheke kidogo, halafu tuulize: litatoka lini, likiwa na udongo wa kulima nini, na litarudi mikononi mwa nani? Hayo ndiyo maana ya neno. Mengine ni sauti.

Linaloniudhi zaidi ni "adjudication". Maana yake ni nyepesi: serikali inakuja kupima na kuandika shamba lipi ni la nani. Iko katika sheria ya mwaka 1968. Daftari likishakamilika na tangazo kutolewa, mwenye malalamiko ana siku 60 za kuyapeleka kwa maandishi. Siku 60, basi. Sasa fikiria mzee ambaye minazi yake ilipandwa na babu yake. Ameliona tangazo limebandikwa ukutani, akadhani ni mambo ya shule au chanjo, akaendelea na safari yake. Siku zinahesabika hata kama neno halikumwingia. Mzee huyo si mjinga. Anasoma Kiswahili vizuri, na Kurani juu yake. Karatasi ndiyo haikuandikwa ili aisome.

Utaambiwa Katiba ya 2010 imeshamaliza mambo: Kipengele cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na Kipengele cha 10 kinataka wananchi washirikishwe. Sawa. Ila soma mpaka kile cha 259. Kinasema nakala za lugha tofauti zikipingana, ya Kiingereza ndiyo inayoshinda. Yaani tumepewa kiti mezani, lakini mwenye neno la mwisho ni yuleyule.

Na msiniambie Kiingereza hakikwepeki kwa sababu sheria ni kitu kizito. Waingereza wenyewe waliwahi kuwa sisi. Mfalme wa kutoka Normandy aliiteka nchi yao mwaka 1066, na mahakama zikaja kuzoea kuendesha kesi kwa Kifaransa. Mkulima anasimama kortini, anajadiliwa yeye na ng'ombe wake, haambulii kitu. Mwaka 1362 wakatunga sheria kesi ziendeshwe kwa Kiingereza, na sababu waliyoitoa ni hiyohiyo ya kwetu: watu hawaelewi. Waliona ni haki yao. Sisi tukidai vilevile, ati tunarudisha maendeleo nyuma.

Tatizo jingine ni sisi vijana. Tulifundishwa shuleni kwamba mwenye neno refu ndiye mwerevu, na hadi leo ofisa akitema "stakeholder consultation" tunatikisa vichwa nyuma kule kama tumeelewa zaidi ya wazee. Tumeelewa nini? Wewe unayesoma hii kwenye simu ndiye uliyesomeshwa kwa pesa za nazi na korosho, na ukinyamaza hapo unakuwa upande wa ofisa, utake usitake.

Dai langu ni dogo. Hati yoyote inayogusa ardhi ije barazani kwa Kiswahili, na isomwe kwa Chidigo kwa wanaotaka, kabla hakujasemwa lolote. Ieleze nani anafanya nini, kwa nani, lini, kwa pesa ngapi, na siku za kupinga zinaisha tarehe gani. Maana mnajua kinachofuata baada ya soda: karatasi ya mahudhurio inapitishwa, na saini zetu ndizo zitakazopelekwa Kwale na Nairobi kuwa ushahidi wa "participation". Hati isipokuja kwa lugha tunayoisikia, kunyweni soda, muirudishe ile karatasi ikiwa tupu.